Salamu Yangu ya Kihispania

Jamani, cheka mtacheka, ila nisikilizeni kwanza. Mama Ndeshi aliposema anafungua redio ya Kihispania hapa Moshi, kwa ajili ya watalii na waongozaji wao, watu walimwambia redio zimejaa tele, hiyo yake itakufa mapema. Hakutetereka. Alijifunza lugha ile ukubwani, akazunguka hotelini kutafuta matangazo mwenyewe. Mwanamke shupavu, sijaona mfano wake.

Mimi aliniajiri fundi mitambo, lakini nilitamani sauti yangu ndiyo ifungue kituo.

"Kihispania unakijua?" akaniuliza.

"Salamu naijua vizuri, mama."

Nilikuwa nimeisikia kwenye geti la Machame. Watalii walioanza kupanda mlima walinipungia mkono wakiitamka huku wakitabasamu.

Asubuhi ya uzinduzi, wageni wakiwa wamejaa, nikawasha kipaza sauti na kunguruma: "Adiós, Moshi! Adiós, Kiboriloni! Adiós, Tarakea!"

Mama Ndeshi akanisogeza taratibu, machozi ya kicheko yakimlengalenga. Akasema hewani, sauti imetulia kabisa:

"Wasikilizaji wapendwa, mwenzetu amewaambia kwaheri. Tafadhali msizime redio, ndiyo kwanza tunafungua."