Daftari la Fadhiya

Mwalimu Zilpah, ati niandike habari za mtu ninayemjua. Mimi nimekuja ngumbaru kusoma, sikuja kufanywa karani wa bandari ya Kilindini. Vidole vimenikakamaa. Lakini umesema mbele ya darasa sitaweza, basi chukua.

Ni Fadhiya, shoga yangu wa Kibokoni. Miaka arobaini twashona kofia za mkono barazani kwake, kila siku baada ya Alasiri. Yeye hushona duara la juu, mimi ukuta wa pembeni. Kofia ikiisha, habari za mtaa mzima tumezimaliza. Mumewe alipomwacha, nilijua kabla ya nduguze.

Mwaka jana presha ikampanda. Kache, muuguzi wa zahanati, akamwambia kila siku aandike daftarini lililomuuma, lililomfurahisha na la kushukuru. Basi! Tangu hapo, tukisha kuswali, Fadhiya hutoa daftari lenye picha ya tausi, akaandika huku atabasamu peke yake. Mimi nimekaa ubavuni kama mtungi.

"Waandika nini?"

"Ya moyoni, Tumu."

Ya moyoni! Na presha ikashuka. Usingizi akaupata. Yule mkaza mwanawe aliyekuwa akigombana naye kila asubuhi, sasa wanywa chai pamoja, wacheka. Miaka yote hiyo nampikia uji, nampa nasaha, hakupoa. Karatasi imempoza kwa miezi mitatu. Wallahi nilimchukia yule tausi. Kwangu mna kuta sita za kofia hazina vichwa, mwenzangu hana nafasi ya kushona.

Sasa nikwambie kweli, Mwalimu. Herufi za Kiarabu nilifunzwa chuoni kwa Kurani nikiwa mtoto, hizi zenu sikuzijua. Nimekuja darasani kwako nipate kulisoma daftari lile. Si kwa jingine.

Jumatatu Fadhiya aliingia jikoni kuepua mahamri, akaliacha daftari barazani. Nikalifungua, nikasoma kwa kidole, neno moja moja. "Leo nimemkumbuka Jamaldin. Angekuwa na miaka thelathini." Jamaldin ni mwanawe mwingine, alikufa mdogo, hata meno hayajaisha kuota. Nikageuza. Mvua. Goti. Chai ya tangawizi. Jamaldin tena. Nimetafuta jina langu kurasa kumi na moja. Halimo!

Fadhiya akanikuta, sinia mkononi.

"Umejifunza kusoma kwa ajili ya hili?"

"Mimi niko wapi humu?"

"Wewe si uko hapa?" Akaipiga baraza kwa kiganja.

"Na Jamaldin, mbona hukunambia mimi?"

"Nilikwambia, mwanamke wewe! Mara ngapi? Kila nikianza, wasema, 'Ngoja nikwambie la kufanya.' Sitaki la kufanya. Karatasi hainikatizi."

Nikachukua mkoba wangu wa nyuzi nikaenda zangu. Hata hamri sikula. Leo siku ya nne sijakanyaga kwake, na yeye hajatuma mtu.

Kwa hivyo Mwalimu, kazi hii usiitie alama. Mpelekee yeye, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya duka la halua. Mwambie kesho baada ya Alasiri naja na ukuta wa kofia, na mdomo nimeufunga. Anieleze Jamaldin tangu siku aliyomzaa, sitatia neno. Lakini yule tausi abaki ndani, kabatini, na ufunguo aniwekee mimi.

Na wewe usiondoke pale mlangoni mpaka aseme ndiyo.