Nyama Aliyoikataa Mjukuu Wangu

Kwenye arobaini ya mume wangu, hapa Kishapu, pamoja na majirani tulikuwepo mimi, binti yangu, mwanawe wa pekee aliyekuwa akichimba dhahabu Geita, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Majina yote ninayo, ila siyaandiki. Ukoo wetu una dini mbili, na shemeji ni Mwislamu, kwa hiyo yeye ndiye huchinja ili tule wote pamoja.

Mjukuu akaisukuma sahani ya nyama.

“Sili. Babu huyu aliyechinja anawazika makafiri na kula nao. Huyo si Mwislamu.”

Shemeji akacheka. “Mimi ndiye niliyekufundisha kuswali. Kula, utakonda.”

“Ulinifundisha vibaya, babu.”

Maneno hayo aliyapata machimboni, kwenye simu, katika mahubiri ya wapiganaji wa Msumbiji wanaosema vita yao ndiyo dini yenyewe. Asubuhi hakuwepo. Baadaye wenzake wa machimboni walitwambia kuwa amevuka mto Ruvuma kuwafuata huko Msumbiji.

Shemeji hagusi kisu tena. Binti yangu kila simu ikilia anaikimbilia.

Mimi nakumbuka mtoto aliniaga, akanishika mkono. Binti yangu anasema hakumuaga mtu. Mliokuwepo, kama nimekosea, niambieni tu.