Severin Kofoed na Rafadha ya Ragnhild

Katika ukoo wa Kofoed hakuna mwanamume aliyewahi kufanya kazi chini ya sitaha. Babu alikuwa mtu wa milingoti, baba alikuwa mtu wa milingoti, na Severin alipoingia katika utumishi wa mfalme wa Denmark hakuna aliyemwuliza anataka kazi gani. Viganja vyao vilikuwa vigumu kama soli, na hivyo ndivyo walivyozikwa navyo.

Nyumba yao ilikuwa Nyboder, katika zile safu za manjano wanazokaa wanamaji wa Copenhagen na wake zao. Huko ukuta mmoja huwa wa nyumba mbili, na kikohozi cha jirani hukijua kama chako. Mtu aliyeharibu jina hakufukuzwa Nyboder. Alisalimiwa kwa sauti ya chini kidogo, basi, na wengi waliona afadhali kufukuzwa. Dirishani kwa akina Kofoed ilining'inia filimbi ya fedha ya babu, ile aliyokuwa akiwaongozea watu wake kuvuta kamba. Dorthea, mke wa Severin, aliing'arisha kila Jumamosi na kuirudisha pale pale ambapo mpita njia hana budi kuiona.

Wakati huo Severin alikuwa kiongozi wa mlingoti wa mbele katika manowari Ragnhild. Ilikuwa meli ya zama mbili kwa mpigo. Juu ilikuwa na milingoti mitatu na matanga yake yote, kama meli ya babu. Tumboni ilikuwa na mashine ya mvuke, na katikati ya sitaha lilichomoza dohani jeusi ambalo watu wa milingoti walilitazama kama mgeni asiyejua kuaga. Severin alikuwa ameshakwenda nayo Iceland, ambako kamba ziliganda zikawa fito, na Sankt Thomas, kisiwa cha joto cha Karibi, ambako lami iliyeyuka kati ya mbao ikawashika nyayo. Kote huko siku ilikuwa ile ile. Filimbi ililia kungali baridi, machela za kulalia zikakunjwa, sitaha ikasuguliwa kwa mchanga na mawe mpaka ikawa nyeupe, kisha watu wakakaa mezani kati ya mizinga kula uji wa mkate mweusi uliopikwa kwa bia.

Mashine ikiwashwa, masizi yalianguka juu ya matanga, juu ya mashati yaliyoanikwa, hata ndani ya uji. Kwa hiyo meli ilikuwa na makabila mawili. Watu wa juu walitembea peku. Watu wa chini, wachochea makaa, walivaa viatu vya mbao, na kila walipopanda kupunga hewa waliacha alama nyeusi juu ya sitaha iliyokwisha kusuguliwa.

Mmoja wao aliitwa Kresten, kijana wa nyika za Jutland, mwenye masikio makubwa na mama mjane aliyemtegemea.

"We Kresten," Severin alimwambia asubuhi moja, "ndiyo umekuja kutupaka rangi sitaha?"

"Nawaletea kazi, bwana mkubwa," Kresten akajibu. "Msipokuwa na cha kusugua mtashindaje kutwa nzima? Mtahesabu ndege?"

Watu walicheka. Severin naye alicheka, ila alibaki na kitu moyoni, kwa maana hakuzoea kujibiwa na mtu aliyetoka chini.

Basi manowari ya namna ile ilikuwa na kazi moja iliyowakutanisha makabila hayo yote, wapende wasipende, nayo ni kuinua rafadha. Meli ikiendeshwa kwa mvuke, ile rafadha ya shaba yenye mabapa mawili huzunguka nyuma, chini ya maji. Lakini matanga yakishika upepo, rafadha huwa mzigo unaokokotwa. Hivyo waliizima mashine, wakaifungua rafadha kutoka kwenye mhimili unaoizungusha, na watu wote wakaivuta kwa kamba ipande ndani ya shimo lililojengwa tezini, nyuma kabisa ya meli, mpaka itoke majini. Shimo lenyewe lilikuwa jembamba. Rafadha haikupita ila mabapa yake yawe wima, moja juu na moja chini. Kwa ajili hiyo mtu mmoja wa chini alijikunja kando ya mhimili, akitazama alama iliyochongwa juu yake huku ukizungushwa polepole, ndiye wa kusema "wima." Aliyesimama kinywani mwa shimo alilisikia neno hilo, kisha akawaamuru wavutaji. Katika Ragnhild, wa chini alikuwa Kresten. Wa juu alikuwa Severin.

Siku yenyewe walikuwa katika bahari ya Kattegat, upepo mzuri wa magharibi, na pwani ya Sweden yenye majabali upande wa demani, kule upepo unakosukumia. Korveti, manowari ndogo ya Warusi, ilikuwa ikiwapita, matanga yote juu, na mabaharia wake wamejipanga ukingoni kutazama. Kapteni aliamuru matanga. Mashine ilizimwa. Watu walishika kamba, miguu wameikita, macho kwa Severin.

"Tayari huko?" Severin aliita shimoni.

"Bado!" sauti ya Kresten ikapanda.

Mrusi mmoja alivua kofia akawapungia, vile mtu anavyompungia bibi kizee aliyekwama njiani. Severin aliona damu ikimpanda masikioni.

"Kresten! Umelala na makaa?"

"Bado kidogo! Imelala upande!"

Alimsikia. Alimsikia vizuri kama mtu anavyosikia jina lake. Lakini alijiambia kuwa watu wa chini siku zote ni bado, bado. Na kuwa watu wake walikuwa wamekwisha kuielemea kamba. Akasema:

"Vuta!"

Wakavuta. Rafadha ilipanda kidogo, ikaguna, ikajipinda ndani ya shimo na kukwama kama mfupa kooni. Haikupanda tena wala haikushuka. Sasa meli haikuwa na mashine, maana rafadha imetoka kwenye mhimili; na matanga hayakutosha kuitoa pwani ile, maana ilikuwa ikikokota shaba iliyokaa kombo. Upepo uliokuwa mzuri ukawa mbaya bila kubadilika hata kidogo. Walitupa nanga zote mbili, na zilipong'ata, majabali yalikuwa karibu kiasi cha kuonekana kijani cha magugu yake. Alasiri nzima mafundi waliigonga kwa magogo na kukata mbao za shimo, mpaka rafadha ikarudi mahali pake. Warusi walikuwa wameshapotea upeoni.

Kila mtu alijua ni kosa la nani: ni la yule wa chini. Mtu wa milingoti, tena Kofoed, hakosei amri ya kuvuta. Luteni mkuu alitangaza kuwa kesho yake Kresten atahojiwa mbele ya watu. Aliyelaumiwa kwa kosa kama hilo alichapwa kwa ncha ya kamba, kisha akateremshwa bandarini bila cheti, asipate tena kazi katika meli yoyote.

Mjomba Jokum, ndugu wa mamake Severin, alikuwa fundi wa matanga humo melini. Walipokaa kula njegere za manjano na nyama ya chumvi alimwona Severin hagusi sahani.

"Ulimsikia," Jokum akasema polepole. Hakuuliza.

"Nilimsikia, mjomba."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Wengine walikuwa wakipiga kelele za kuvuta."

Jokum alikata kipande cha nyama, akakitafuna mpaka kikaisha. "Basi nisikilize. Yule mtoto hana jina la kupoteza. Atachapwa, atapona, atarudi kwao akachunge kondoo. Wewe ukifungua mdomo, haufungui wako peke yako. Unafungua wa baba yako, na wa babu yako, na wangu. Dorthea atapitaje kwenye kisima cha Nyboder?"

"Na Kresten atapitaje kwao?"

"Kwao hakuna kisima. Ni matope tu." Jokum aliinuka. "Kula. Njegere zikipoa huwa udongo."

Severin hakula. Alikuwa akiifikiria ile filimbi ya dirishani. Tangu utotoni aliiona kuwa pambo, kitu cha kutazamwa na majirani. Sasa alijiuliza ilikuwa ya nini hasa, kabla haijawa pambo. Babu aliipuliza, na watu wakavuta bila kugeuka kutazama kwa nini, wengine wakiwa wamening'inia juu kwa mkono mmoja, kwa kuwa waliamini kwamba anayepuliza ameona. Hiyo ndiyo fedha yake. Watu walioishika kamba mchana ule walimwamini hivyo hivyo, naye aliwavutisha kwa sababu ya kofia ya Mrusi.

Asubuhi watu walipangwa sitahani, wa juu upande mmoja, wa chini upande wa pili. Kresten alisimama katikati na viatu vyake vya mbao, amenawa uso mpaka umekuwa mwekundu.

"Ulisema nini kutoka chini?" luteni aliuliza.

"Nilisema bado, bwana luteni."

"Nani alikusikia?"

Kresten hakumtazama Severin. Alitazama ncha za viatu vyake, kama mtu aliyekwisha kupima na kujua mzani hauko upande wake.

"Nauliza, nani alikusikia?"

"Mimi," Severin akasema.

Mjomba Jokum alifumba macho.

"Ulimsikia akisema nini, Kofoed?"

"Bado. Mara mbili. Nami nikasema vuta."

Luteni alisogea karibu. "Unajua unachokisema?"

"Najua, bwana luteni. Jana pia nilijua."

Kapteni hakumchapa. Alimvua uongozi wa mlingoti wa mbele, akamkataza kupanda juu, na kwa safari yote iliyobaki akamweka chini, kwenye handaki la mhimili, awe mtazamaji wa alama pamoja na Kresten. Baadhi ya watu walisema ingekuwa afadhali kamba.

Alishuka ngazi peku. Sakafu ya chuma mbele ya matanuri ilimwunguza, akarukaruka kama kuku. Kresten alimtazama, kisha akachomoa jozi kuukuu ya viatu vya mbao nyuma ya rundo la makaa.

"Vaa, bwana mkubwa. Huku chini, peku ni kitoweo."

Severin akavaa. Baadaye, wamejikunja kando ya mhimili wakingoja alama izunguke, Kresten aliuliza, "Kwa nini ulisema?"

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Mimi nilisema. Bado, bado. Uliona ilivyosaidia."

Ragnhild ilipotia nanga Copenhagen, habari ilimtangulia Severin, kwa sababu Jokum alishuka kwanza, na mkewe alikuwa na miguu myepesi. Alikuja mtaani jioni ya vuli kwa vile viatu vya mbao, na juu ya mawe vilisikika tangu kona: ko, ko, ko. Milango ilifunguka kwa upana wa pua. Bi Sidsel wa nyumba ya pili alitoka kabisa, na ufagio usiokuwa na kazi.

Dorthea alifungua mlango wote. Alimtazama mumewe, akatazama viatu, akasema, "Vivue hapo hapo, nimesugua."

Akavichukua, lakini hakuvipeleka uani. Aliviweka kwenye kizingiti cha nje, chini ya dirisha lenye filimbi.

"Pole sana, jirani," Bi Sidsel akasema kwa ile sauti ya chini kidogo. "Wanasema eti ni yeye aliyeikwamisha rafadha ya mfalme."

"Wanasema kweli," Dorthea akajibu, kwa sauti ya kufika safu ya pili. "Mume wangu ndiye aliyeikwamisha, na mume wangu ndiye aliyesema. Wako amekwamisha nini, Bi Sidsel, hata akasema?"

Akaingia kupakua njegere, akauacha mlango wazi wanapokula.