Mhasibu Mwaminifu na Pazia Lake

Leo nimempata mhasibu mwaminifu.

Ofisi ya kodi ya mapato yanitaka Jumatatu, nami sitaki duka langu la vitambaa lifungwe.

Majirani hapa Bondeni wakanielekeza kwa Bwana Swaleh, Mji wa Kale. "Huyo siri haimtoki."

Sebuleni kwake, nyuma ya pazia, mtu alikuwa akipumua.
Nikadhani ni wanawake wa nyumbani. Kwetu hutazami, wala huulizi.

Nikamwaga yote, hata ile stoo niliyoificha.

Nyuma ya pazia pumzi ikakatika. Kisha sauti nzito ya kiume:
"Hiyo stoo iko mtaa gani, bwana? Sikusikia vyema."

Bwana Swaleh akanimiminia kahawa.
"Shemeji yangu huyo, wa ofisi ya kodi. Mimi sijamwambia neno, waona?"

Jamani, Jumatatu niende?