Biashara niliipa jina la ndoa yangu. Ndoa imekufa, sasa sijui mimi ni nani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji kimyakimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika langu, na ni la kweli tupu. Anayetaka kucheka acheke, nishazoea.

Mimi ni mwanamke wa Kikwajuni, Unguja. Napika udi. Kwa ndugu zangu wa bara msioujua: sukari inayeyushwa jikoni, unatia udi uliosagwa, miski na marashi, halafu unakaa macho kodo maana ukigeuka tu imeungua. Bibi harusi wa huku haingii chumbani bila udi. Kwa hiyo soko lipo.

Nilianza baada ya kuolewa. Mume wangu, nimwite Hamadi, akienda msikitini na kanzu niliyoifukiza, wenzake wanamuuliza huo udi kanunua wapi. Anajibu, "Anapika mke wangu." Wakaanza kuagiza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema jina liwe "Mke wa Hamadi". Nikaona raha jamani! Nikachapisha stika, nikabandika kwenye kila kikopo.

Taratibu watu wakasahau jina langu. Sokoni, hospitali, hata mwalimu wa mtoto, wote "Mke wa Hamadi". Na mimi nikanogewa. Status zangu zote ni ndoa: kanzu yake juu ya chetezo cha kufukizia udi, kitanda kimetandikwa, asumini juu ya mto. Akina mama wenye mabinti wa kuoza walikuwa hawanunui udi tu, wananunua ile ndoa.

Halafu nikaachwa.

Sababu sitaziandika. Ni siri ya nyumba, na nimechelewa sana kujifunza kuwa na siri.

Nilirudi kwa mama na mwanangu kukaa eda, na ilikuwa msimu wenyewe wa harusi, karibu na Ramadhani. Oda zinamiminika. Ningemwambia mteja gani kwamba Mke wa Hamadi si mke wa Hamadi tena? Nikanyamaza. Nikawa narusha picha za zamani. Mtu anauliza, "Shemeji hajambo?" Najibu hajambo, namshukuru, kisha nakwenda chooni kulia.

Mama yangu alikuwa akiniangalia tu. Siku moja akashindwa. "Zuhura, mwanangu, wewe hujaachwa bado. Mwenzio kashaondoka, wewe ungali unamtandikia kitanda kwenye simu."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia hajui biashara.

Eda ikaisha, hakunirejea. Mji huu mdogo, habari zikasambaa, oda zikapungua. Wengine walinieleza wazi kwamba hawataki chumba cha binti yao kinukie udi wa mwanamke aliyeachika. Nilijiambia hayo ni ya biashara, yasiniingie moyoni. Yaliniingia, wakuu. Yangekosaje pa kuingia, na mlango niliuacha wazi mwenyewe?

Sasa sikilizeni hili.

Akaja mama mmoja wa makamo kutoka Kizimkazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Anaoza binti, anataka udi wa chumba kizima. Kisha akasema:

"Mwanangu, nnajua wewe ni nani, na nnajua yaliyopita. Bwana harusi ni Hamadi wako. Ndiye aliyetuelekeza kwako, anasema hakuzoea udi mwengine. Mambo yenu ni yenu, hii ni biashara. Au vipi?"

Nilitaka kumtoa mbio. Lakini ningesema nini? Kwamba siwezi? Mwenye duka la unga haulizi nani anaoa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Naam, bi mkubwa, nitapika."

Akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ila hiyo stika usibandike. Mke wa Hamadi sasa ni mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha sukari isizidi.

Nilipika. Sukari haikuungua. Ulikuwa udi mzuri kuliko wote niliowahi kupika, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Mama alinikuta nimekaa mbele ya jiko lililozimika, akanikumbatia.

Ninalotaka mlichukue wenzangu: biashara ipeni jasho, ipeni akili, lakini msiipe jina lenu la ndani, ndoa yenu wala watoto wenu. Wateja hawana kosa. Wao wananunua kilichowekwa mezani, na mimi niliweka kila kitu.

Msiniambie "anza upya". Nimejaribu. Nilikaa na karatasi kutafuta jina jipya, nikajiuliza mimi mwenyewe napenda harufu gani. Kila harufu nikiinusa, najiuliza itauzika?

Kuna yeyote humu aliyewahi kuachana na biashara yake bila kuifunga? Mlifanyaje? Nasoma comments zote, hata za matusi.

Kwa sasa vikopo navitoa bila stika. Jana mteja mgeni alikinusa kimoja, akasifu, akaniuliza, "Huu udi wa nani?"

Nikamwambia sijui, mimi nauza tu.