Programu ya Ng'ombe Wasiohesabiwa

Kufikia mwaka wa pili wa masomo yangu ya Jumamosi nilikuwa najiona mtaalamu. Siku za kazi niliuza dawa za mifugo dukani, Shinyanga mjini. Jumamosi mchana nilijifunza kuandika programu za kompyuta, na Jumapili niliwachosha watu kanisani kwa kuwasimulia. Ndipo kampuni moja ndogo ya Geita ikatangaza nafasi ya kazi kwa anayeanza. Sharti lilikuwa moja: uje na programu yako ambayo mtu wa kweli, asiye mwanafunzi mwenzako, ameitumia wiki nzima.

Mtu wa kweli niliyekuwa naye ni baba.

Niliitaka ile kazi hadi chakula hakipiti. Nikatengeneza programu ya kumbukumbu za chanjo za ng'ombe, nikashika njia ya kijijini kifua mbele, nikaiweka kwenye simu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Haya, tuone hayo mambo yako."

Swali la kwanza lilikuwa: Una ng'ombe wangapi? Baba akasoma, akarudia kusoma, akaandika: Wapo.

Yakatokea maandishi mekundu: Andika namba.

Akaandika: Wapo tu.

Andika namba.

Akanirudishia simu. "Huyu aliyemo humu ametumwa na nani?"

Nilitamani kujizaba kibao. Nimekua nikichunga ng'ombe hao hao, na nimemsikia baba akimjibu hivyo afisa mifugo, padri, hata shemeji alipokuja kuposa. Kwetu mfugaji hataji idadi ya ng'ombe wake. Ni kuliita balaa zizini. Miaka miwili darasani, halafu naanza na swali ambalo utotoni lingeniletea fimbo.

Nikafungua kompyuta palepale, nikalifuta. Sasa programu ikawa inaandika ng'ombe mmoja mmoja: mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi wa pembe moja, yule mkorofi. Baba akanogewa. Alipomaliza, chini kabisa likachomoza neno Jumla. Akafunika kioo kwa kofia kabla hatujaona kilichofuata, na hakuiondoa mpaka nilipolifuta nalo.

Wiki ikaisha, nikaenda Geita kusailiwa na watu watatu. Mkuu wao akauliza kwa nini ukurasa wa mwisho hauna jumla, maana hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huiweka. Nikamweleza kuwa mtumiaji haitaki. Hakuridhika.

"Kwani ana ng'ombe wangapi?"

Mdomo ukanitangulia. "Wapo."

Nikajua nimekwisha. Lakini mama mmoja pale mezani, ambaye kumbe kwao pia ni wafugaji, akaweka kalamu chini, akacheka hadi akavua miwani.

"Huyu anamjua anayemtengenezea," akawaambia wenzake.

Nikapata kazi.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja nyumbani kutupongeza. Tumezaliwa wengi, na mwenye kazi ya ofisini ni mimi peke yangu. Jirani alilijua hilo vizuri, ila mdomo unamwasha.

"Sasa mzee, watoto wako walioajiriwa wamefika wangapi?"

Baba alinitazama, kisha akasogeza kiti chake akakaa kati yangu na jirani.

"Wapo," akasema.

Nikaingia ndani kulia, eti nakwenda kuangalia chai.