Upande Huu wa Barabara ya Eastern

Mwatime Habib huvusha watoto. Ndiyo kazi yake: asubuhi na alasiri husimama kwenye njia panda ya Takoma, katika Barabara ya Eastern, kizibao cha rangi ya ndimu kifuani na kibao chekundu mkononi, akisimamisha magari ili watoto wa shule wapite. Ni mzaliwa wa Wete, Pemba, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ambayo hakuna dereva anayeweza kujifanya hakuisikia. Nyuma yake ni Washington, mji mkuu wa Marekani. Mbele yake, ng'ambo ya lami, ni jimbo la Maryland. Mtoto akitoka upande mmoja kwenda wa pili huwa amehama serikali, naye hana habari. Ajualo ni kwamba Mama Nuha, ndivyo wanavyomwita, amesema haya, piteni.

Mwatime mwenyewe hakulitilia maanani jambo hilo mpaka siku ya mtihani wake wa uraia. Afisa alimtaka amtaje seneta mmoja wa jimbo lake. Mwatime, ambaye nyumba yake iko upande wa Washington, akajibu kama alivyofundishwa: sisi hatuna. "Sahihi," akasema afisa, akaenda kwenye swali jingine. Mwatime alitoka pale raia kamili na furaha yake tele, lakini ndani ya treni akajikuta anawaza. Imekuwaje jibu sahihi la raia liwe ni hatuna?

Alimwuliza binti yake Nuha. Nuha anasikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alijibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba ndivyo ilivyo, Mama, kila mtu anajua.

"Kila mtu anajua kwamba ndivyo ilivyo," akasema Mwatime. "Mimi nauliza kwa nini."

Swali hilo ndilo lililomfikisha darasa la sheria ya katiba, katika chuo cha jamii, kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu wao alikuwa Jerotich, wakili Mkenya mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo. Darasani alifundisha kwa Kiingereza. Wakati wa chai alikuja kukaa na Mwatime wakaongea Kiswahili, kila mmoja chake. Kanuni yake ilikuwa moja. "Leteni habari ya wiki," aliwaambia wanafunzi, "halafu mtafute imetokea wapi ndani ya katiba. Msiniletee hasira, hizo hata mimi ninazo. Nileteeni kifungu."

Kiangazi cha 2025 Rais aliamuru wanajeshi wa akiba wa Gadi ya Taifa waingie Washington. Shule zilipofunguliwa, Mwatime alianza kuwaona kwenye stesheni ya treni ya Takoma, wawili watatu, wamesimama karibu na ngazi. Watoto waliwapungia mkono. Lakini jirani wa ng'ambo, Venuste, mtu wa Uvira, Kongo, anayehudumia wazee majumbani, aliacha kabisa kupita pale. Alikuwa akipanda mabasi mawili kwenda kazini badala ya treni moja.

"Mama Nuha, basoda bale," alimwambia siku moja, maana ndivyo watu wa kwao wawaitavyo wanajeshi. "Miye najua habatanifanya kitu. Kichwa kinajua. Lakini tumbo halisikie kichwa." Kisha akatazama barabara. "Uniambie kitu kimoja. Kwa nini bako huko kwako, na huku kwangu habako? Ni barabara moja tu."

Mwatime alilichukua swali hilo kama mtu aliyepewa zawadi. Jumamosi hiyo akampelekea mwalimu.

Jerotich alifungua nakala ya katiba kwenye Ibara ya Kwanza, kifungu cha nane, akashuka kwa kidole karibu na mwisho. "Hapa. Bunge la Kongresi ndilo linatunga sheria zote za wilaya ya mji mkuu. Si jimbo. Na kwa sababu si jimbo, hakuna gavana. Maryland, gadi iko chini ya gavana wake. Hapa kwenu, iko chini ya Rais moja kwa moja. Sasa wewe uende uniambie waliandika hivyo kwa nini."

Mwatime alisoma wiki nzima, miwani puani, chai ikipoa mezani. Alichokikuta kilimfanya acheke peke yake jikoni. Mwaka 1783, kabla hata katiba haijaandikwa, Bunge lilikuwa likikutana Philadelphia. Askari ambao hawakuwa wamelipwa mishahara wakalizingira jengo wakiwa na bunduki. Wabunge wakaiomba serikali ya Pennsylvania iwalinde, nayo ikasita. Wakakimbilia mji mwingine. Kumbukumbu ile ya fedheha ilikuwa miongoni mwa sababu za waandishi wa katiba kutaka mji wao wenyewe, usio chini ya jimbo lolote.

"Kwa hiyo yote haya yameanza na wanajeshi," alimwambia Venuste. Jumapili, Venuste alipotoka kanisani, walikwenda pamoja kuliona jiwe moja la zamani la mpaka wa Washington, ambalo bado limesimama kando ya nyumba za watu ndani ya uzio mdogo wa chuma. Limeliwa na mvua hata maandishi hayasomeki vizuri. Venuste alilizunguka, akaingiza kidole katikati ya vyuma akaligusa. "Kajiwe kadogo hivi," akasema.

Kesho yake, baada ya zamu ya asubuhi, Mwatime alipita stesheni. Alikuwapo mwanajeshi wa kike, sajini, mtu mzima. Mwatime akamsalimia, akamwuliza kwao ni wapi. Ohio, akasema, gavana wao ndiye aliyewatuma kuongeza nguvu, na kazi yake ya siku zote ni kusafisha meno ya watu kwenye kliniki. Mwatime akamwuliza kama ana maseneta.

"Wawili, kama kila mtu," akasema sajini.

"Mimi sina."

Sajini alimtazama kuona kama anataniwa. Mwatime akamweleza, naye akasikiliza kwa makini, kisha akauliza jambo ambalo Mwatime hakulitarajia: kama atawekwa hapa mwaka mzima, wa kwake atawapoteza?

Mwatime hakujua. Akasema ataulizia.

Siku ya zamu yake ya kusimama mbele ya darasa, alimwomba Jerotich ruhusa amlete Venuste, na Venuste akaketi safu ya nyuma na koti lake mapajani. Mwatime alizungumza polepole kwa Kiingereza chake cha Pemba. Alieleza barabara, kifungu, askari wa Philadelphia. Mwishoni akatoa swali la sajini, na Jerotich akalijibu: mwanajeshi akitumwa kazini hubaki mkazi wa kwao. Atapiga kura ya Ohio hata akisimama Takoma.

"Yaani ana maseneta wawili akiwa kwenye ngazi zangu," akasema Mwatime, "na mimi niliye nyumbani sina." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyefungua saa akaona jinsi magurudumu yanavyosukumana.

Hapo Venuste akainua mkono. Kiingereza kilimkimbia, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, kwa hii karatasi yote, nani anaweza kubaambia barudi kwabo?"

Jerotich alilitafsiri swali kwa darasa. Watu wakasema Rais, wakasema Kongresi, mmoja akasema mahakama. "Sijui," akasema Jerotich. "Wilaya imeshafungua kesi. Tutasoma pamoja."

Wakasoma. Novemba jaji mmoja aliamua kwamba kuwatumia wanajeshi kwa namna ile kulivunja sheria, lakini akaisimamisha amri yake ili serikali ikate rufaa. Desemba mahakama ya rufaa ikaruhusu wabaki kesi ikiendelea. Venuste hakurudi kwenye treni. Alijiandikisha darasa la Januari.

Siku hizi Jumamosi hupanda basi moja, yeye na Mwatime, karatasi za hukumu zimegawanywa magotini. Wiki iliyopita walibishana safari nzima juu ya neno moja, kama jaji alisema Rais "anaweza" au "huenda anaweza." Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mama wa Kiethiopia aliyegeuka mara mbili kuwatazama. Mara ya tatu Mwatime akampa ukurasa.

"Hebu soma na wewe," akamwambia kwa Kiingereza, "utuambie unaonaje."